Pekee Si Mbwa wa Kizungu

Kila nikitoka na Pekee nje ya geti, lazima kuna msee atasema, "Hako ni kambwa ka wazungu." Soja anasema, mama mboga anasema, watoto wakitoka shule wanasema huku wakicheka. Mjomba wangu alikuja Krismasi, akanipata nikimchana Pekee manyoya, akatikisa kichwa na kusema kizazi chetu kimeisha, tunalea mbwa kama wazungu.

Hiyo ya kuchana sibishani. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, na bado naokota manyoya kwenye chai. Lakini hiyo ya "wazungu" naikataa. Naikataa kwa sababu historia ya haka kambwa, ukiifuata pole pole, inapita Beijing, inapita London, halafu inakuja kutokea hapa hapa kwetu, kwenye mashamba ya nyanda za juu.

Pekee ni Pekingese. Jina linatoka Peking, yaani Beijing ya zamani. Ana kilo tano hivi, miguu mifupi iliyopinda, manyoya mengi shingoni kama simba dume, na uso bapa kama mtu aliyekimbilia ukuta. Hiyo stori ya uso ngoja, nitaifikia. Nilimchukua akiwa na miaka miwili kutoka kwa familia moja iliyokuwa inahama nchi. Jina la Pekee nilimpa mimi, na ndio, najua, ni mchezo wa maneno.

Kwa Wachina, huyu ni mbwa-simba. Na hapo kuna kitu cha kuchekesha: Uchina haina simba wa porini. Simba aliingia huko akiwa ndani ya dini ya Kibuddha iliyotoka India, na mara chache akiwa zawadi ya mfalme fulani wa mbali. Kwa hivyo mafundi wa kuchonga mawe, wengi wao hawakuwahi kumwona simba hata siku moja, walichonga simba wa kufikiria: macho makubwa, manyoya ya kujikunja, uso mpana. Wale simba wa mawe unaowaona kwenye milango ya mahoteli ya Kichina ndio hao. Halafu watu wa ikulu wakazalisha mbwa wanaofanana na hao simba. Soma tena hiyo sentensi. Mbwa aliyetengenezwa afanane na sanamu ya mnyama ambaye aliyeichonga hakumjua. Wengine walikuwa wadogo kiasi cha kubebwa ndani ya mkono wa joho, na matowashi wa ikulu ndio waliowalea.

(Sisi wenye simba halisi hatukuwapelekea simba, tulipeleka twiga. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walifikisha twiga kwa mfalme Yongle wa Uchina, na watu wa ikulu wakaamini wameona mnyama wa baraka kutoka kwa hadithi zao. Alipelekwa kama zawadi, hakunyakuliwa. Kumbuka hiyo tofauti.)

Sasa twende 1860. Uingereza na Ufaransa wanapigana na Uchina, vita ambavyo wanahistoria wanaviita Vita vya Pili vya Afyuni. Jina linajieleza: mojawapo ya mambo yaliyokuwa mezani ni haki ya kuwauzia Wachina kasumba. Mwezi wa Oktoba majeshi hayo yanafika nje ya Beijing, kwenye Yuanmingyuan, ikulu ya bustani ambayo wafalme wa Qing walikuwa wameijenga kwa zaidi ya miaka mia. Mfalme Xianfeng ameshakimbilia kaskazini. Wanajeshi wanaingia, na kinachofuata ni kubeba. Hariri, saa, vyombo vya kauri, dhahabu, vitabu. Upande wa Waingereza vitu vilipigwa mnada na pesa zikagawanywa kwa wanajeshi, ndio kila mtu apate hesabu yake. Yaani hata wizi ulikuwa na utaratibu.

Kisha moto. Wachina walikuwa wamewakamata wajumbe wa Uingereza na Ufaransa pamoja na walinzi wao, na karibu ishirini walifia mikononi mwao, wengine kwa mateso. Hilo lilifanyika na sitalificha. Jibu la Lord Elgin, mjumbe mkuu wa Uingereza, lilikuwa kuamuru tarehe 18 Oktoba kwamba ikulu nzima ichomwe. Iliwaka kwa siku tatu. Mwaka uliofuata Victor Hugo, Mfaransa mwenyewe, aliandika barua akiiita nchi yake na Uingereza majambazi wawili.

Ndani ya hiyo ikulu kulikuwa na mbwa. Watano walichukuliwa na maafisa wa Uingereza. Kuna hadithi kwamba walipatikana wakiwa wameuzunguka mwili wa shangazi ya mfalme aliyejiua badala ya kutekwa. Inasimuliwa sana, ila mimi naiona imekaa vizuri kupita kiasi. Kisicho na shaka ni kwamba kapteni mmoja, John Hart Dunne, alimchukua mmoja mdogo kabisa, akamlaza kwenye kofia yake ya jeshi wakati wa safari, na mwaka 1861 akamkabidhi Malkia Victoria.

Jina alilopewa huyo mbwa? Looty.

Ngoja niliweke sawa kwa anayesoma haraka. Loot ni neno ambalo Waingereza walilitoa India, na maana yake ni mali iliyoporwa. Ni kama wewe uibe mbwa wa watu Kileleshwa, umpeleke kwenu, umwite Nyara, halafu umpatie nyanya yako siku yake ya kuzaliwa. Na nyanya afurahi! Hawakuficha hata kidogo. Looty alichorwa na mchoraji wa ikulu mwaka huo huo wa 1861, akapigwa picha 1865, akafa 1872 huko Windsor. Wale wengine wanne waligawanywa kwa familia za vyeo, na wawili kati yao wakawa mwanzo wa kizazi kilichofugwa Goodwood kwa miaka mingi.

Kwa hivyo mtu akiniambia Pekee ni "mbwa wa wazungu," nasema ndio, kwa maana ile ile ambayo Ngadji ni ngoma ya wazungu. Kama hujui Ngadji, ni ngoma takatifu ya Wapokomo wa Tana River, ngoma ambayo sauti yake ilikuwa na mamlaka juu ya jamii nzima. Maafisa wa Kiingereza waliichukua 1902, na tangu 1908 iko British Museum, London. Haijawekwa hata mahali watu wanaweza kuiona. Iko stoo. Ukikaa na kitu cha mwenyewe muda mrefu, watu wanaanza kukiita chako.

Nilisema hii stori itafika kwetu, na si Ngadji peke yake. Rudi kwa Lord Elgin, huyo wa kiberiti. Jina lake James Bruce. Elgin si jina la mtu, ni cheo cha kurithi, baba kwa mwana. Baba yake, Elgin aliyemtangulia, ndiye aliyebandua sanamu za hekalu la Parthenon kule Athens na kuzipeleka Uingereza, na hadi leo Wagiriki wanazidai. Mwana akachoma ikulu ya Beijing. Halafu kuna mjukuu, Victor Bruce, ambaye alikuwa na miaka kumi na moja baba yake alipowasha ule moto. Huyu alikua, akawa Viceroy wa India kuanzia 1894, kwa hivyo ndiye aliyekuwa madarakani vibarua wa kutoka India walipoanza kushushwa Mombasa kuja kujenga reli, watu zaidi ya elfu thelathini kwa jumla. Mwisho wa 1905 akawa waziri wa makoloni huko London. Na mwezi wa Machi 1908 akatoa uamuzi ambao kwenye vitabu vya historia unaitwa Ahadi ya Elgin: kwamba ardhi ya nyanda za juu za Kenya, Wahindi wasigawiwe.

Ona vile hilo lilivyoandikwa. Wahindi ndio waliokuwa wanaomba, ndio wakajibiwa. Mwafrika hakuwa hata kwenye swali. Yeye alikuwa ameshaanza kusukumwa. Alibhai Mulla Jeevanjee, yule tajiri aliyeuzia reli vyakula na kuiletea vibarua, alikuwa ameipa Nairobi bustani mwaka 1906, ikiwa na sanamu ndogo ya Malkia Victoria ndani. Malkia yule yule wa Looty. Miaka miwili baadaye serikali ya hiyo hiyo taji ikamwambia yeye na watu wake mashamba mazuri si yao. Sanamu ilikaa Jeevanjee Gardens hadi 2015, mtu au watu wakaja wakaivunja kichwa. Ukipita hapo kula chipo na rafiki zako, jua kwamba huyo mama wa mawe aliwahi kuwa na mbwa wa kupora.

Babu, baba, mwana. Athens, Beijing, nyanda za juu za Kenya. Sisemi kuna laana. Nasema kuna familia ambayo kwa vizazi vitatu ilikuwa mahali ambapo vitu vya watu vinabadilisha mwenyewe, na mbwa wangu ametoka kwenye mkono wa katikati.

Sasa uso.

Februari iliyopita tulikwama kwenye jam Mombasa Road, saa nane mchana. Ile jam ambayo watu wanazima injini na kushuka. AC ya gari ilikufa hapo hapo, madirisha yote wazi na hakuna upepo. Pekee alianza kuhema kawaida, halafu akahema na sauti, kama mtu anasaga kitu kooni. Halafu ulimi ukabadilika. Ulikuwa wa waridi, ukaenda kwenye zambarau. Nilimwita yule kijana anauza maji katikati ya magari, nikanunua chupa zote alizokuwa nazo kwa beseni, nikammwagia Pekee tumboni na kwenye nyayo, dada yangu akimpepea na gazeti. Yule kijana hakuondoka. Alibaki dirishani akisema, "Mbwa anakufa, mbwa anakufa," mpaka nikamwambia anyamaze. Ilichukua kama dakika kumi ulimi kurudi.

Daktari wa wanyama alimpima jioni akaniambia hana ugonjwa wowote. Huo ndio mwili wake. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema, hewa ipite kwenye pua na mdomo ikaushe unyevu na kuondoa joto. Pekee hana nafasi ya hiyo hewa kupita. Pua imebanwa, matundu ni kama tundu la sindano, na nyama laini ya nyuma ya kaakaa ni ndefu kuliko nafasi iliyopo, ndio maana anakoroma kama mzee wa boda amelala juu ya pikipiki. Watu wanacheka hiyo sauti na kusema ni kyuti. Ni mbwa anatafuta hewa.

Na hii pua haikutoka Beijing hivi. Angalia ile picha ya Looty ya 1865, iko mtandaoni. Pua yake ni fupi, lakini ipo. Imechomoza, unaiona ukimwangalia kwa upande. Manyoya yake si ya kuburuta chini. Baada ya hapo ndio wafugaji wa Uingereza na Marekani wakaanza mashindano ya uzuri wa mbwa, na sheria za mashindano zikasifu uso bapa. Kitu kikisifiwa, mwaka ujao mtu ataleta kilichozidi hicho. Bapa ikaleta bapa zaidi. Miaka mia na kitu ya hivyo, na ukipima Pekingese wa kisasa kwa upande, macho na pua vinakaa kwenye mstari mmoja.

Mwaka 2003 Pekingese mmoja jina Danny alishinda Crufts, shindano kubwa kabisa la mbwa Uingereza. Kwenye picha ya ushindi amekaa juu ya pakiti ya barafu, kwa sababu joto la taa lingemwangusha. Baadaye ikajulikana alikuwa amefanyiwa upasuaji wa lile kaakaa ili aweze kupumua. Huyo ndiye aliyeitwa mbwa bora. BBC ilirusha filamu kuhusu mambo hayo 2008, kelele zikawa nyingi, na Kennel Club ikabadilisha maelezo rasmi ya Pekingese mwaka huo huo ili pua irudi kidogo. Mwaka 2012 wakaleta ukaguzi wa daktari pale Crufts, na Pekingese aliyekuwa ameshinda kundi la aina yake akaanguka ukaguzi, akanyimwa tuzo. Mwezi mmoja kabla, huko New York, Pekingese jina Malachy alikuwa ametangazwa mshindi wa Westminster nzima.

Hapo ndipo mimi hunyamaza kidogo. Kuiba kitu ni jambo moja. Kukiiba, kukiita chako, halafu kukibadilisha polepole mpaka hakiwezi kupumua, na bado kukipa kombe, hiyo sijui niiweke wapi.

Kuishi na Pekee basi ni kuishi na maamuzi ya watu ambao hawakunijua. Tunatembea saa kumi na mbili asubuhi au jua likishazama, mchana hapana. Havai kola shingoni, anavaa mkanda wa kifuani, kwa sababu koo lake halina nafasi ya kuvutwa. Kila asubuhi nampangusa mikunjo ya uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kisha naikausha, la sivyo inaoza na kunuka. Macho yamejitokeza nje, kijiti kidogo tu cha fensi kinaweza kuyatoboa, kwa hivyo nayaangalia kwa tochi ya simu. Simwachi aruke kutoka kwa kochi, mgongo wake mrefu na miguu mifupi havielewani. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hiyo ni ya mbwa wote, wa kwako pia. Na uzito! Nyanya yangu akija anamrushia minofu, naokota kabla haijafika, tunagombana. Kilo moja ya ziada kwa mbwa wa kilo tano ni mtu wa kilo sitini kuongeza kumi na mbili.

Anachonirudishia ni dharau tamu sana. Pekee hakimbilii mtu. Ukimwita anakuangalia kwanza, anafikiria, halafu anakuja kama amekufanyia hisani. Wageni anawapitia kama mama mwenye nyumba anayekagua mpangaji. Lakini nikiwa na homa, analala juu ya miguu yangu siku nzima na hali mpaka nile. Sijui kama matowashi wa Qing walipata hii pia. Nadhani walipata.

Mnauliza kwenye komenti kila mara kama nina watoto wake. Sina, na sitakuwa nao, nilimfunga uzazi. Na sasa naona huku mjini watu wanauziana vijibwa vya uso bapa kwa picha tu, na kadiri pua inavyopotea ndivyo bei inavyopanda. Uholanzi tangu 2019 wana masharti kwa aina kumi na mbili za mbwa wenye uso bapa, Pekingese wakiwemo: urefu wa pua unapimwa ukilinganishwa na kichwa, na mwenye pua fupi kupita kiasi haruhusiwi kuzalishwa. Ina maana kuna watu wanajaribu kumrudishia huyu mbwa pua yake, kizazi baada ya kizazi, vile vile walivyoiondoa.

Vitu vingine vya Yuanmingyuan vinarudi hivyo hivyo, kimoja kimoja. Kulikuwa na chemchemi iliyopambwa kwa vichwa kumi na viwili vya shaba vya wanyama wa kalenda ya Kichina. Vilipotea baada ya uporaji. Saba vimerudi Uchina: ng'ombe, chui milia, nyani, nguruwe, farasi, na mwaka 2013 panya na sungura. Cha mbwa bado hakijulikani kilipo.

Ngadji yenyewe inajulikana iko wapi, hadi chumba. Hiyo ni suala la kufungua mlango tu. Pekee hana mahali pa kurudishwa, yeye ni wa hapa, anasikia Kiswahili na Sheng, na anaogopa milio ya nduthi. Kwa hivyo kama bado unataka kambwa kama haka, usitumie mtu pesa kwa picha. Nenda na miguu yako, omba kumwona mama yake akitembea kutoka geti hadi mlangoni, simama karibu, usikilize anavyopumua. Ukimsikia kabla hujamwona, toka.